Mwenyeji wa Jumatano

"Habari za asubuhi. Ninapiga kutoka ofisi ya wageni. Samahani kwa usumbufu, una dakika tano za kutupa maoni yako kuhusu vivutio ulivyotembelea?"

Sauti ilikuwa laini, imenyooka, haina hata mkwaruzo. Ungemwona mwenye sauti ungeshangaa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari, kidole cha shahada amekigandamiza juu ya namba ya simu kwenye daftari lililochakaa, na jasho la kidole limeanza kuloanisha karatasi.

"Ninazo," mwanamke wa upande wa pili alijibu. "Niko mapumziko ya saa nne, watoto wako nje. Uliza tu, dada."

Tumwache kwanza mwalimu huyo apulize chai yake, maana bila kueleza ya nyuma haya ya mbele hayataeleweka.

Huyu aliyepiga, pale ofisini wanamwita Sauti, na hata bosi wake akitaka kumwandikia barua hulazimika kuuliza jina lake halisi. Miaka kumi na moja kazi yake ni kupokea simu za watu wanaotaka kuja kuutembelea mji ule. Kuna maporomoko, kuna mapango, kuna mnara wa zamani juu ya kilima, na kuna chemchemi ya maji moto. Anavijua vyote vinne kama vyumba vya nyumba yake. Anajua ngazi za mnara ni mia na kumi na nane, anajua popo wa pangoni hutoka saa kumi na mbili na robo, anajua viatu gani vitakuangusha kule maporomokoni. Hajawahi kufika hata kimoja.

Usimcheke. Na wewe kipo kilima unachokiona kila siku ukianika nguo, unakionyesha wageni kwa kidole, na hujawahi kukikanyaga.

Si kwamba alikataa. Yeye na mumewe walikuwa hata hawajaoana walipopanga kuvimaliza vyote kimoja kimoja, kila Jumamosi. Mume ni fundi wa miwani, anachonga vioo katika duka dogo lenye ubao wa herufi ukutani, na enzi hizo duka lilifungwa Jumamosi. Baadaye ratiba ya duka ikabadilika, Jumamosi ikawa siku ya kazi na fundi akapewa nusu siku ya Jumatano. Jumapili zikaliwa na kufua, misiba, harusi za watu, homa za binti yao ambaye sasa yuko shule ya bweni. Zilizobaki zikaliwa na uchovu. Mtu aliyetamka neno "maporomoko" mara mia mbili kwa wiki, siku ya mapumziko hataki kulisikia tena kutoka kwenye mdomo wa mumewe. Anataka kulala.

Sasa, kila mwisho wa mwezi madaftari ya wageni huletwa ofisini kutoka malangoni, na Sauti ndiye anayeyaingiza kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Tarehe, idadi ya watu, namba ya simu, umetoka wapi, maoni yako. Mumewe hakujua hilo. Alimsikia mkewe akilalamika kuhusu madaftari, akadhani ni makaratasi ya ofisi tu, kama ya ofisi yoyote. Miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza ni madaftari gani, na mkewe hakuona kama kuna cha kueleza.

Kwa hiyo fundi alipofika langoni mwa maporomoko na mlinzi akamsogezea daftari, aliandika namba yake ya kweli, bila wasiwasi wowote. Na ile saba yake aliikata kwa mstari katikati, kama anavyoikata kwenye vipimo vya miwani ili wachongaji wenzake wasiichanganye na moja.

Sauti aliiona saba kabla hajaiona namba. Akasoma tena polepole. Jumatano. Umetoka wapi? Mwenyeji. Maoni yako? "Pazuri kuliko nilivyoelezwa." Na chini yake, tarehe ile ile, mwandiko wa mviringo ulionyooka kama wa ubaoni: mwalimu, nimehamia karibuni, asanteni sana. Akavuta daftari la mapango. Wapo. Akavuta la mnara. Wapo, Jumatano mbili mfululizo. Daftari la chemchemi alilipekua mara tatu, hawakuwepo.

Hapo ndipo aliponyanyua simu. Kuna karatasi ya maswali sita ambayo ofisi humtaka awaulize wageni kumi kila mwezi. Mwezi ule mgeni wa kwanza alikuwa huyu.

"Swali la kwanza," Sauti alisema. "Ulitembelea vivutio vyetu peke yako, na familia, au na marafiki?"

"Na rafiki. Tuseme rafiki. Mwenyeji wa hapa, fundi aliyenitengenezea miwani."

"Alikuwa mwongozaji mzuri?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Maelezo anayo yote kichwani, ngazi, popo, kila kitu. Lakini ukifika mahali unakuta naye anashangaa kuliko wewe. Kule maporomokoni alisimama mpaka shati likalowa. Akaniambia amesubiri miaka kumi na moja kufika pale."

Swali la tatu kwenye karatasi lilihusu usafi wa vyoo. Akaliruka.

"Alikwambia kwa nini hakuwahi kufika?"

"Hilo nalo lipo kwenye maswali?"

"Tunataka kujua kwa nini wenyeji hawaendi," Sauti alisema, na uongo ule ulitoka vizuri kuliko ukweli mwingi aliowahi kuusema kwenye simu ile.

"Alisema mkewe amezichoka sehemu hizo. Hakunificha kwamba ana mke, naomba uelewe hivyo. Alimtaja sana."

"Na je, una mpango wa kurudi?"

Kengele ikasikika kwa mbali, na kelele za watoto zikapungua.

"Sina," mwalimu alisema taratibu. "Ilibaki chemchemi tu. Nilimwambia tusiende. Niligundua kuanzia Jumapili nakuwa nasubiri Jumatano, dada yangu, na mtu mzima akishaanza kusubiri hivyo huwa anajua anachosubiri. Hakuna kibaya tulichofanya. Tulitembea tu. Lakini hayo usiyaandike."

"Siyaandiki."

"Mbona sauti yako imebadilika?"

Sauti alijikaza. Akaisogeza karatasi karibu na macho na kusoma mstari wa mwisho neno kwa neno, kama siku zote. "Tunakushukuru kwa muda wako. Maoni yako yatatusaidia kuboresha huduma. Karibu tena."

"Subiri," mwalimu alisema. "Wewe ndiye..."

Sauti akakata simu. Akaenda msalani, akafungua bomba mpaka mwisho, akalia pale maji yanapopiga kelele.

Mchana alimpitia wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye chumba cha kazi nyuma ya soko. Alimweleza yote huku wifi akiwa ameshikilia kichwa cha mteja, naye mteja akajifanya hamnazo huku masikio yameshamsimama. Wifi alisikiliza mpaka mwisho akisubiri sehemu mbaya, na sehemu mbaya haikuja. Akauliza kama kuna gesti yoyote iliyotajwa. Hakuna. Kuna ujumbe wa simu? Hakuna. Basi wifi akamwambia kwa upole kwamba wanawake waliopita kwenye kile kiti wana mambo mazito, ambao waume zao wana nyumba mbili na watoto wasiojuana, na yeye mume wake amekwenda kuangalia maji yakianguka.

"Kaka yangu hana akili, hilo nakubali," wifi alisema. "Lakini kwa hili, wifi, nenda kapumzike. Una uso wa mtu ambaye hajalala tangu mwaka juzi."

Sauti alitoka pale amechoka zaidi ya alivyoingia. Hakuwa na neno la kumfanya mtu aelewe.

Jioni alimkuta mumewe jikoni anamenya vitunguu. Viatu vyake vya Jumatano vilikuwa mlangoni, safi. Kumbe kwa mwezi mzima alikuwa akivikuta vimeoshwa na kushukuru moyoni kwamba mwanamume huyu uzeeni amejifunza usafi.

Hakuvua koti. Alisimama mlangoni akasema kwa ile sauti ya kazini, "Maporomoko. Mapango. Mnara, mara mbili."

Kisu kikasimama katikati ya kitunguu.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Umeandika kwa mkono wako na namba yako ya simu. Madaftari ya malangoni nayaingiza mimi kwenye kompyuta, kila mwisho wa mwezi, tangu binti yako hajaanza kutembea."

Fundi alivuta kiti akakaa. Hakubisha wala hakupandisha sauti. Macho yalikuwa mekundu, ila hilo vitunguu vingeweza kubeba lawama.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Hukuuliza." Sauti akavuta pumzi. "'Pazuri kuliko nilivyoelezwa.' Nani alikueleza?"

"Wewe."

"Umelala naye?"

"Hapana."

"Dada yako anasema nishukuru. Labda ana haki. Ungekwenda naye gesti ningejua la kufanya, mwenzangu. Ningelia, ningeita wazee, ningekuonyesha mlango. Kwa hili sijui hata niseme umenifanyia nini. Umempa mtu kitu ambacho mimi nilikuwa nakisubiri."

"Ulikuwa unakisubiri?" Fundi aliinua kichwa. "Mke wangu, nilikuomba. Mwaka wa kwanza kila wiki, baadaye kila mwezi. Mara ya mwisho ulikuwa umerudi kazini, umekaa pale pale mlangoni huna nguvu ya kuvua viatu. Nikakwambia niombe ruhusa Jumamosi twende mnarani. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alitamani asingekumbuka.

"Nilisema ukitaja mnara tena nitatapika."

"Sikutaja tena."

Bomba la jirani lilikuwa linajaza ndoo. Wote wawili walisikiliza mpaka ndoo ikajaa.

"Sikulaumu," fundi aliendelea. "Na mimi nachoka. Nashinda nikitazama macho ya watu, sioni chochote kingine. Siku moja yule mama akaja kuchukua miwani, ndiyo kwanza amehamia. Akaivaa, akatazama nje, akaniuliza mji huu una nini cha kuona. Nimezaliwa hapa. Nikakosa jibu langu mwenyewe, nikampa maneno yako."

"Maneno yangu?"

"Yote. Ya popo, ya ngazi mia na kumi na nane, ya viatu. Umeyasema hata usingizini. Akasema basi nipeleke. Nikaona aibu kukataa. Safari ya pili haikuwa aibu tena."

Sauti akaegemea jokofu. Kwamba mumewe alikwenda na mwanamke mwingine lilikuwa linauma. Kwamba alimpeleka kwa maneno aliyoyasema yeye, kwa koo lake yeye, siku nzima, mpaka jioni likabaki halina hata la kusema nyumbani, hilo lilimkata kabisa.

"Ulimpenda?"

Fundi alifikiri. Ilimuuma Sauti kwamba alifikiri, na ilimtuliza pia.

"Nilipenda kutembea. Halafu nikaanza kupenda kutembea naye. Yeye aliligundua mapema kuliko mimi, akakata."

"Na chemchemi? Kwa nini chemchemi hamkwenda?"

Alijua jibu, mwalimu alishamwambia. Lakini alitaka alisikie kutoka kwake, na zaidi ya hapo alitaka adanganywe kidogo. Pale ndipo walipopanga kuanzia, enzi za uchumba. Angesema tu kwamba chemchemi alimwekea mkewe, Sauti angeamini, walau kwa usiku ule.

"Naweza kukuambia nilikuwekea wewe," fundi alisema. "Si kweli. Ilikuwa inafuata."

Sauti akatikisa kichwa taratibu. Akaenda chumba cha binti yake, akajilaza na koti lake mwilini.

Hawakugombana. Laiti wangegombana. Siku nne walipishana koridoni kama wapangaji, huyu akimpisha yule bafuni kwa adabu zote, na chai ikimiminwa katika vikombe viwili bila neno. Siku ya tano Sauti aliporudi kazini nyumba ilikuwa kimya, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe:

"Nimekwenda kwa dada. Si kwamba nimekukimbia. Naona nikiwepo hupumziki. Utaniambia."

Alikaa nao wiki mbili bila kujibu. Si kwamba alikuwa anamkomoa. Kila alipoishika simu kuandika, alijikuta hana la kusema ambalo halianzi na neno "nimechoka", na neno hilo ndilo lililowafikisha hapo.

Jumanne moja ikaingia simu ya kawaida, mwanamke mtu mzima anayetaka kuleta wajukuu. Sauti akamweleza vivutio vyote vinne, moja, mbili, tatu, nne, akimalizia na chemchemi yenye maji ya kuivisha yai kwa dakika kumi. Yule mama akasikiliza kwa makini, kisha akauliza jambo ambalo, kwa namna ya ajabu, wengi hawakuwahi kuuliza.

"Na wewe binti yangu, wewe mwenyewe unakipenda kipi?"

Siku zote waliouliza aliwajibu chemchemi. Leo aliliacha jibu hilo.

"Sijui, mama," alisema. "Sijawahi kufika hata kimoja."

"Ala. Unaishi mbali?"

"Naishi hapa hapa."

Mama yule hakumcheka. "Kazi inakuchosha," alisema, akaaga.

Sauti alikwenda kwa bosi akaomba ruhusa ya siku moja. Bosi akauliza kama kuna mgonjwa. Akasema hakuna, anakwenda kutembea, na bosi akamtazama kama aliyesikia bomba linaongea.

Kesho yake, Jumatano, alipanda basi la kwenda chemchemi saa tatu asubuhi akiwa na chupa ya maji, mkoba na viatu alivyokuwa akiwashauri watu wavae. Langoni alimsalimu mlinzi, na yule mlinzi akaacha kuandika.

"Hebu sema tena."

"Nimesema habari za kazi."

"Wewe ni yule wa ofisini. Wa kwenye simu. Miaka yote hii tunaongea, leo ndiyo nakuona. Nilidhani wewe ni mnene."

Akamsindikiza mwenyewe hadi kwenye maji, mwenye furaha kama aliyepata mgeni wa serikali. Njia ilikuwa fupi kuliko alivyokuwa akiwaambia watu, na ile ngazi ya mbao aliyoitaja kila siku haikuwepo, ilishaoza na kuondolewa, pamewekwa mawe. Chemchemi yenyewe ilikuwa dimbwi la kijani, pana kiasi cha uwanja wa shule, mvuke kidogo sana ukielea upande mmoja. Sauti akaingiza kidole kwa hadhari. Akaingiza mkono wote.

"Haya ni vuguvugu," alisema.

"Yanapoa mwaka hadi mwaka," mlinzi alijibu. "Mayai tuliacha zamani. Watu wanakuja nayo kwenye vikapu, sijui nani anawadanganya."

Alipobaki peke yake alikaa kwenye jiwe, akavua viatu, akatumbukiza miguu. Kwanza alicheka, peke yake, kwa sababu ya mayai. Kisha akalia bila haraka. Alikuwa na hasira na mumewe, hasira ile haikuondoka kwa kuona maji. Alikuwa na huzuni kwa ajili ya mwalimu pia, na hilo lilimshangaza. Lakini zaidi alijihurumia mwenyewe, kwamba palikuwa karibu hivi. Saa moja kwa basi. Miaka kumi na moja alikuwa akipafanya mbali kwa kupasema.

Saa sita na dakika kumi simu ikalia kwa ujumbe. Fundi alikuwa amefunga duka.

"Leo nina nusu siku. Naomba nije nyumbani ukitoka kazini tuzungumze. Ukiona haifai, sitalazimisha. Nitapita siku nyingine nichukue nguo zangu zilizobaki."

Aliusoma mara mbili. Nguo zilizobaki ni suruali tatu na sweta. Zikitoka hizo, kabati litakuwa lake peke yake, na binti akirudi likizo itabidi aelezwe. Akapiga.

"Sitoki kazini leo," alisema fundi alipopokea. "Niko chemchemi."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Fundi akashusha pumzi, ikasikika. "Pakoje?"

Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga foleni, yale ya miaka yote. Akayarudisha.

"Sikuelezi. Nikikueleza utakuta pazuri kuliko nilivyokueleza, halafu utakwenda kuandika."

"Nilistahili hilo."

"Ndiyo, ulistahili."

"Mke wangu," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kwenye kochi la dada yake wiki mbili. "Nije?"

Sauti alitazama maji. Alijua swali lile si la chemchemi tu. Angeweza kusema leo hapana, na ingekuwa haki yake, na ingekuwa rahisi, maana hapana ni neno la mtu aliyechoka, halihitaji nguvu. "Ndiyo" ndiyo ingekuwa na kazi. Ingehitaji kuzungumza, na kuzungumza tena, na kumwona akiosha viatu na kukumbuka.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Ukija usitegemee nikuchekee."

"Sitegemei."

"Na siku nikikwambia nimechoka, usinyamaze ukaenda kutafuta mwingine wa kumtembeza. Unaniambia nivae viatu. Nikikutukana, unaniambia tena."

"Nitakwambia."

"Na maji si ya moto. Nimewadanganya watu miaka kumi na moja, mwenzangu. Wanakuja na mayai."

Fundi akacheka, kicheko kifupi, na Sauti akabana midomo asicheke naye, ikashindikana.

"Nielekeze basi," fundi alisema. "Huko sijafika."

Akamwelekeza. Basi la saa saba, lile la pili, la kwanza linazunguka. Usishuke kituo chenye kibao, wote hukosea hapo, shuka kinachofuata, kwenye kiwanda cha matofali. Fuata ukuta mpaka langoni, lango linafungwa saa kumi na moja. Alianza kwa ile sauti ya ofisini, imenyooka, na maelezo yalipofika langoni ikamkatika.

"Ukishaingia?" fundi aliuliza taratibu. "Nikishaingia, wapi?"

Hapo karatasi ya ofisi ilikuwa imeishia. Sauti alijitazama alipokaa, akatazama kushoto na kulia apate cha kumwambia.

"Kuna jiwe kubwa karibu na mti ulioinama," alisema. "Mimi nimekaa hapo."